Kabla Hujapima Tena Huko Kalangalala

Mwanangu Kabula,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako tu. Nimekaa na kalamu nikaona siwezi kuandika hivyo. Kama mimi ni mzima ni jambo nitakalokueleza mbele, na hofu haiko kwako peke yako. Iko hapa kifuani kwangu tangu siku ile uliporudi kutoka kliniki, ukavua viatu mlangoni, ukasema bila hata kunipa shikamoo, "Mama, wamekuta kitu kwenye damu." Tangu hapo chakula hakinipiti vizuri. Naogopa, mwanangu. Nimeona nianze na hilo ili usidhani nakuandikia kwa ushujaa.

Kesho unapanda basi hapa Runzewe kwenda Kalangalala, pale Geita mjini, kwa mumeo, ukiwa na mimba ya miezi sita. Ungekuwa unaondoka na tumbo tu, ningelia kidogo kama wanavyolia mama wengine, nikapiga kigelegele, nikarudi nyumbani kufagia. Lakini unaondoka na lile jibu, na juzi umesema hutakwenda kwenye kipimo cha pili. Umelisema kwa ile sauti yako ambayo mtu akiisikia anajua mazungumzo yamekwisha. Ndiyo maana naandika. Tukisema uso kwa uso tunagombana. Mimi nina mdomo, wewe umeurithi, na baba yako anabaki katikati akitazama kuku.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kuangalia mizigo stendi. Hayo nimeyasema mpaka baba yako akaniambia, "Mwache mtoto, hata mbuzi anayepelekwa mnadani hahubiriwi hivi." Nitakuandikia yale ambayo sijayasema.

Nianze na kikombe. Unajua ni kikombe gani.

Siku ile uliposema wamekukuta na virusi vya homa ya ini, ile aina wanayoiita C, mimi nilisikia neno "virusi" tu. Mengine yote uliyosema yalinipita. Ulikuwa unaeleza kwamba hicho ni kipimo cha kwanza, kwamba nesi amesema usihofu, kwamba kuna kipimo kingine, na mimi nilikuwa natazama mdomo wako unavyocheza nikiwaza nani atakuzika. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake asubuhi nikakutengea kikombe cha plastiki cha bluu na sahani yake. Nikaviweka upande wa dirisha, mbali na vya wengine. Ulikunywa chai kwenye kikombe kile, ukakiosha mwenyewe, ukakirudisha dirishani.

Siku moja tu uliuliza, "Mama, kile cha bluu ndicho changu sasa?"

Nikakujibu, "Kunywa chai, itapoa."

Kabula, katika maisha yangu nimesema maneno mengi ya ovyo, lakini hilo ndilo linalonirudia nikiwa shambani. Mtoto ana mimba, ameambiwa ana ugonjwa, anamuuliza mama yake kama bado ni mtu wa nyumba hii, na mama anamwambia chai itapoa.

Ulipokwenda tena kliniki nikakufuata, na nilikufuata ili nimuulize yule nesi kama wadogo zako wako salama. Akanitazama akasema, "Mama, ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe, wala sahani, wala kukumbatiana, wala kulala chumba kimoja. Unapita kwenye damu. Damu ya mtu ikiingia kwenye damu ya mwingine." Hakunikaripia. Tulirudi nyumbani, nikakichukua kile kikombe, nikakichanganya na vingine, kimya kimya, nikidhani nimemaliza. Sikukuomba radhi. Nakuomba sasa. Nisamehe, mayu, mama yangu wewe.

Sasa nije kwenye lile swali lingine la nesi. Ulinisimulia mwenyewe, ukicheka, kabla hujajua majibu. Alikuwa anakupima presha, akaona kovu nyuma ya sikio lako la kushoto. Akauliza umelipata wapi. Ukasema ulinyolewa kwenye msiba wa bibi. Akauliza, "Wembe ulikuwa wako?" Ukacheka, ukamwambia, "Wa ukoo." Ndipo akaacha kuandika, akasema kuna kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye vile wanavyowapima wajawazito wote, lakini siku hizo wanavyo vichache pale kituoni, na kama ungependa angekupima. Ukakubali kwa sababu ulikuwa umekaa tayari na mkono uko wazi.

Hilo neno, wa ukoo, lilinichoma kwa sababu wembe ule nilikuwa nimeushika mimi.

Ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka kiasi gani. Bibi yako, mama yangu mzazi, alikufa tumbo limejaa maji na macho ya njano. Nilimuuguza mimi. Watu walisema ametupiwa kitu, na kaka zangu wakapoteza muda mwingi kwa mganga wakitafuta aliyemtupia. Siku ya kuondoa msiba ndugu wote wa damu tukanyolewa, kama kawaida yetu. Mnyoaji wa wanawake wa upande wetu nilikuwa mimi, tangu nikiwa msichana. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Watu walikuwa wananiita kutoka vijiji vya mbali, na nilipenda kuitwa, sitakudanganya. Mtu akinyolewa na mimi alikuwa anapitisha kiganja kichwani anashukuru kikwetu, "Wabeja, hujaniumiza hata kidogo."

Mnakaa mstari mmoja, mkubwa mbele, wadogo nyuma. Beseni moja la maji, kipande kimoja cha sabuni, wembe mmoja. Hakuna aliyekataza kuleta wembe wa pili. Ila kubadili wembe katikati ya mstari kungekuwa ni kumwambia anayefuata kwamba aliyemtangulia ni mchafu, na hapo ungesikia maneno mpaka msiba mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nakatwa kidole gumba kila mara, unabonyeza na majani, unaendelea. Ulipofika wewe, maji yalikuwa yamepoa, ukatetemeka, wembe ukateleza nyuma ya sikio. Damu ikatoka nyingi kuliko kidonda. Ukapiga kelele. Mama yako mkubwa akakushika kichwa akasema, "Nyamaza, ni damu ya nyumbani hiyo."

Na mimi nikamalizia kunyoa.

Sikuandikii haya ili ujue nilikuwa mbaya. Sikuwa mbaya. Nilikuwa nafanya kazi niliyofundishwa, na niliifanya vizuri kama alivyoifanya aliyenifundisha. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Kama ningekuwa nimefanya uzembe, ningesema sasa nimeacha uzembe. Lakini nilikuwa mwangalifu, nilikupenda, nilikushika taratibu, na bado huenda jambo hili likawa limepitia kwenye mkono huu ninaoandikia.

Nilipokuwa sijafika huko kwenye kufikiri, nilitafuta mtu mwingine wa kumtwisha. Unamjua. Nilisema chumbani na baba yako, nikijua unasikia, kwamba ndiyo hao watu wa machimbo, wanalala popote, wanakunywa chochote, huyo mumeo Masanja ndiye aliyekuletea. Baba yako akasema, "Una uhakika gani?" Nikasema moyo wa mama hauhitaji uhakika. Tazama maneno hayo! Angekuwa ni mtu mwingine anayasema, ningemcheka.

Kisha ukampigia Masanja simu, umekaa kwenye kigoda nje ya jiko, na mimi nilikuwa ndani nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilikuwa nasubiri apige kelele. Nilikuwa nasubiri aseme ukae huko huko kwenu. Ukamweleza yote. Ulikuwa umeweka sauti ya juu, kwa hiyo nilimsikia mwenyewe.

"Njoo tu," alisema. "Na mimi nitapima. Sisi tukiwa machimboni Nyarugusu tulichanjwa wote wembe mmoja kabla ya kushuka duara jipya. Mganga alitupanga mstari. Huenda ni mimi, Kabula."

Duara ni lile shimo lao la kuchimbia, baba yako alinieleza. Nilibaki na ungo mkononi. Kijana wa watu, ambaye nilimwita majina, ndiye wa kwanza katika familia hii nzima kusema huenda ni mimi. Hakuna aliyemlazimisha. Mimi mama mtu mzima nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango natafuta wa kulaumu. Siku hiyo nilianza kumheshimu mkwe wangu, ingawa sijamwambia na usimwambie, atavimba kichwa.

Mambo ya lawama yana sumu yake. Ulishuhudia kwa bibi yako: wakati kaka zangu wanatafuta mchawi, hakuna aliyempeleka hospitali kubwa, na hatujui mpaka leo alikufa na nini. Huenda ni ugonjwa huu huu. Huenda siyo. Hatutajua, kwa sababu tulikuwa tunatafuta nani, hatukutafuta nini. Nikiona macho yako asubuhi nayatazama kwanza weupe wake kabla ya kuitikia salamu. Ulidhani nina hasira. Nilikuwa natafuta njano.

Sasa nikuambie juu ya ile siku ya ugomvi, juzi, kwa sababu najua ndiyo utakayoondoka nayo moyoni.

Nilikuwa nakusukuma kuhusu kipimo cha pili. Nesi alikwishaeleza, na safari hii nilisikiliza: cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na virusi hivyo. Kuna watu ambao mwili wao huvifukuza wenyewe, ikabaki alama. Cha pili ndicho kinachosema kama bado vimo. Kwa hiyo wewe hapo ulipo hujui kama unaumwa au umekwisha kupona bila kujua. Nilikuwa nakuambia hayo kwa mara ya sijui ngapi, unakunja nguo, ninakufuata huku na huku, mpaka ukaitupa kanga kitandani.

"Mbona wewe hujapima?"

"Nipime nini?"

"Nesi alisema na wewe upime. Alisema mtoto anaweza kuzaliwa nao kutoka kwa mama yake. Alikuambia ukiwa umesimama pale pale. Mbona hujapima?"

"Mimi sina mimba."

"Unataka mimi nijue peke yangu," ulisema. "Nyie wote mnataka nijue mimi, halafu mnitazame. Siendi, mama. Siendi popote."

Nilikujibu vibaya. Nilisema ukitaka kufa na mwanao ni shauri lako. Sikumaanisha. Hakuna hata herufi moja niliyoimaanisha. Ila ulikuwa umeweka kidole mahali hasa, na mtu akibonyezwa mahali hasa hupiga kelele kama ulivyopiga wewe kwenye lile beseni.

Maana nilikuwa nimekwisha kulipigia hesabu hilo jambo kichwani, nikiwa shambani, nikiwa kanisani, nikiwa nimeshika rozari na midomo inasema mengine. Nikipima nikakutwa nao, basi nilikuzaa nao, nimekupa mimi. Nikipima nisikutwe nao, basi ni wembe, na wembe niliushika mimi. Kila njia niliyoifuata ilikuwa inafika kwangu. Niliona heri nisijue, nibaki na kile kidogo cha kusema labda. Nilikuwa nang'ang'ania hiyo labda na wewe unaona. Sikuwa na haki ya kukudai ujasiri ambao mimi mwenyewe sina.

Na wewe nadhani unaogopa jambo hilo hilo kwa upande wako. Unaogopa ukijua vimo, utamtazama mtoto tumboni utaona umemtia sumu. Nimekaa na hilo, Kabula, kwa sababu ndilo lililonikaa mimi juu yako. Nesi anasema watoto walio wengi wa mama wenye ugonjwa huu huzaliwa bila kuupata. Anasema hakuna sababu ya kupasuliwa kwa ajili yake tu, unajifungua kama wengine, ila umwambie mkunga mapema ajue. Anasema utanyonyesha, labda chuchu zikipasuka zikatoa damu, hapo ndipo usimame mpaka zipone. Na mtoto naye atapimwa, lakini usimkimbilie akiwa mchanga, kwa sababu damu ya mtoto mchanga inakuwa bado na alama za mama yake. Wanasubiri mpaka amepita mwaka na nusu hivi, au daktari akupangie mwenyewe. Nilimwomba arudie mara mbili ili nisikuletee ya kwangu. Hakuna hata moja kati ya hayo utakalofanyiwa vizuri kama hakuna anayejua. Hapo ndipo ninapoogopa: si ugonjwa wenyewe tu, ni wewe kulala wodini huko Geita umenyamaza.

Kuna na jambo la mkweo. Mtoto akizaliwa atakuja, na atataka kumnyoa nywele za kwanza, na atakuja na wembe wake kwenye pindo la kanga, namjua, ni mama wa kwetu kabisa. Mwache amnyoe. Ila wembe utoke kwenye karatasi yake mbele ya macho yako na akimaliza uutupe chooni. Akikasirika mwambie mama yangu ndiye aliyenyoa ukoo mzima na ndiye aliyesema hivyo. Atanisema mimi mpaka jioni, na mimi niko mbali, hainiumi. Wewe usibishane naye, wewe mwambie shikamoo, mpe chai, lakini wembe uwe mpya.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuwaaga akina mama wa jumuiya, nilikuambia nakwenda gulioni kutafuta kamba ya kufungia begi lako. Kamba ilikuwepo, iko uvunguni. Nilipanda bodaboda nikaenda kituo cha afya.

Niliketi kwenye lile benchi la wajawazito, mwanamke wa umri wangu, wasichana wakanipisha wakidhani nimemsindikiza mtu. Mmoja akaniuliza, "Mama, mgonjwa wako yuko wapi?" Nikasema amekuja. Nilinyanyuka kuondoka, nikafika hadi kwenye geti. Huko getini nikakukumbuka ulivyoitupa ile kanga, nikarudi. Nesi alipotoa ile sindano yake kwenye karatasi, mpya, niliitazama ile karatasi inavyochanika nikaanza kulia kabla hajanigusa. Akadhani naogopa sindano. Nikamwacha adhani hivyo.

Majibu hayakuchukua muda. Na mimi wamenikuta, Kabula. Kipimo cha kwanza kimesema kama kilivyosema chako.

Nilimuuliza lile moja tu. "Sasa ni mimi niliyempa nilipomzaa, au ni wembe?"

Akasema, "Mama, hakuna kipimo cha hapa kinachoweza kukujibu hilo. Inawezekana wewe uliupata kwenye kazi yako hiyo ya kunyoa baada ya yeye kuzaliwa. Inawezekana kabla. Inawezekana kila mmoja aliupata kwake."

"Kwa hiyo sitajua?"

"Hutajua. Lakini kama bado vimo, hilo utajua."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nimejiandaa kuanguka chini, Kabula, kwa kweli nilichagua hata mahali. Sikuanguka. Nikanunua maandazi nikala mawili nimesimama. Sijui kama huo ni ushujaa au ni njaa. Nilichokiona ni kwamba kile nilichokuwa nakiogopa kimekwisha kufika, na mimi bado nilikuwa natafuta bodaboda, bado nina mboga za kupika, bado nina hasira na dereva kwa kwenda kasi. Hofu haijaondoka, iko hapa ninapoandika. Ila imepungua ukubwa, sasa naweza kuizunguka.

Damu yangu nyingine wamechukua, inapelekwa hospitali ya rufaa kwa kipimo cha pili. Baba yako nimemwambia mchana, nyuma ya zizi. Alivua kofia, akaivaa tena, akasema Jumatatu atakwenda kupima na wadogo zako wote watatu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Huyo ndiye baba yako.

Sasa sikia la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nesi amesema dawa zipo. Ni vidonge, mtu anameza kwa miezi kadhaa, na walio wengi wanapona kabisa, siyo kutuliza, kupona. Si kila hospitali wanavyo, lakini vipo. Wewe kwa kuwa una mimba, daktari anaweza kukusubirisha mpaka ujifungue, na pengine mpaka umalize kunyonyesha. Lakini mimi sina mimba. Nilikurushia maneno hayo juzi kukunyamazisha, na kumbe ndiyo yanayonifanya niweze kutangulia wakati wewe unasubiri.

Unajua nilivyo na vidonge. Hata vya malaria baba yako huvisaga akavificha kwenye uji, na mimi hujifanya sijui. Lakini hivi, kipimo cha pili kikisema vimo, nitavimeza vizima. Nitavimeza kimoja kimoja, na kila nikimeza nitakupigia nikuambie vinafanyaje: kama vinachoma, kama vinaleta kizunguzungu, kama mtu anaweza kula dagaa juu yake. Nikitapika nitakuambia nimetapika. Ili siku yako ikifika, uwe na mwanao mgongoni, usimeze kitu ambacho hukijui.

Ulisema hutaki kujua peke yako. Sasa nenda ukapime, mwanangu. Mimi nimekwisha kutangulia kuingia.

Ni mimi mama yako,
Mama Kabula